Kamba ya Mama Wilfried

Ukitaka kumjua Constance, usianze na sura yake, anza na sauti. Mimi humsikia kabla sijamwona, kila asubuhi, akizigombeza kuni zilizolowa umande kana kwamba zina masikio. Hapa mtaani kwetu Baraka tunamwita Mama Wilfried, kwa jina la mwanawe wa pekee. Watoto wa shule wanamwita Mama Mwiko, ila si mbele yake. Ndiye mpishi wa shule ya msingi iliyo karibu na ufuko. Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko barazani, na nikiinua macho upande huu naona jiko la shule, upande ule naona ua wa Patrice mvuvi na mkewe Gentille. Kwa hiyo msiniulize haya nimeyajuaje. Nilikuwa nimekaa tu, nashona.

Constance ni mjane. Mumewe Albert alikuwa seremala wa mitumbwi, fundi mzuri na mtu mpole, akafa kwa homa Wilfried akiwa bado hajaota meno yote. Alichomwachia ni nyumba ya chumba kimoja, randa, na mtumbwi mdogo ambao hakuwahi kuumaliza. Mtumbwi huo ulikaa miaka yote nyuma ya nyumba yake, umelazwa kifudifudi, na kuku wakitagia chini yake.

Miaka hiyo ya mwanzo ya ujane ilikuwa mibaya. Alfajiri Constance alishuka ufukoni na beseni, akasimama mbali na wavuvi, akajifanya analiosha. Beseni lile lilikuwa safi kuliko mabeseni yote ya Baraka, kwa maana lilioshwa kila siku na halikupata cha kuchafuliwa nacho. Sasa, ufukoni kwetu kuna desturi. Mtumbwi ukirudi na ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, unavutwa mchangani kwa kamba, na kila aliyeishika kamba ile anapata fungu lake. Haulizwi kavuta kwa nguvu gani. Ameshika, anapewa, anaondoka kichwa juu, kwa sababu amekula jasho lake na hakuomba mtu.

Patrice alikuwa kijana tu wakati huo. Mtumbwi wake ukiwa umeshafika mchangani, hauhitaji tena mkono wa mtu, aligeuka akapaza sauti: "Mama Wilfried! Unasimama nini? Kamata kamba!"

Naye Constance alikwenda akaigusa kamba kwa vidole viwili. Basi. Akajaziwa beseni. Wilfried alikua kwa ndagala hao, na leo ni kijana mwenye ndevu anayefanya kazi Uvira. Patrice hakulitaja jambo hilo hata siku moja, wala Constance. Mimi ndiye nalitaja, kwa sababu mdomo wangu haujafungwa.

Alipopata kazi ya upishi shuleni, Constance aliishika kama mtu aliyeikosa maisha yake yote. Mpishi mkali namna hiyo sijaona. Mtoto akisukumana kwenye mstari anarudishwa nyuma. Mtoto akichelewa anagombezwa mpaka anapiga magoti, na huku anagombezwa sahani yake inajazwa kuliko za wengine. Anawafuta makamasi kwa ncha ya kitenge chake halafu analalamika kwamba kitenge kimeharibika. Yeye mwenyewe hali mpaka mtoto wa mwisho amelamba vidole.

Kila mwaka, likizo kubwa ikifika, alikuwa mtu wa kuepukwa. Aliigeuza sufuria kubwa ya shule juu chini, akaja kukaa kwangu, akaanza. "Bwana mukubwa wa masomo anasema batoto baende bapumzike. Tumbo inapumzikaka?" Aliwajua kwa sura wale ambao chakula chao cha mchana kilikuwa kile chake tu. Aliwaona wakipita barabarani mwezi wa saba, kisha mwezi wa nane, shingo zikizidi kuwa nyembamba, na kilichomuuma kikamtoka kama matusi.

Basi mwaka huo serikali ikaamua kwamba chakula cha shule kisikome hata wakati wa likizo. Afisa mmoja aitwaye Déogratias alikuja kutoka Fizi kwa pikipiki, suruali nyekundu kwa vumbi, akatukusanya uani mwa shule.

"Bamama," akasema, "vakansi ao hapana, mutoto anakula. Ni ya bote, mwenye anasoma na mwenye hasome. Hakuna kulipa, na hakuna kutumika, hakuna kazi. Mutoto anakuja, anakaa, anakula, anaenda."

"Na kama habakuje?" akauliza Constance.

Tulicheka. Nani aliwahi kuona mtoto wa Baraka akikataa chakula? Déogratias hakucheka.

"Kama habakuje, mama, nitapeleka mifuko Kazimia. Kule banauliza kila siku. Nitarudia kuona nyuma ya juma mbili."

Mtu wa haki, sikumlaumu. Chakula kioze bure? Kiende kwenye midomo.

Siku ya kwanza Constance aliamka na jogoo. Akabandika maharage, akasonga bugali ya kutosha shule nzima, jasho likimtiririka mpaka mgongoni. Saa sita akakigonga kile chuma cha gari kuukuu ambacho ndicho kengele yetu. Akasubiri. Wakaja Umulisa na Mpano, watoto wa Mukandori, na nyuma yao Mukandori mwenyewe akisitasita getini. Hao walishuka kutoka Bibokoboko walipokimbia vita, wakaacha ng'ombe na mashamba kule juu milimani, na wanakaa katika nyumba ya kupanga karibu na soko.

"Niliambiwa ni ya batoto bote," akasema Mukandori.

"Ya bote. Mukae chini," akajibu Constance, na macho yake bado yako barabarani.

Wakaja na wengine wachache, watoto wa huku na kule. Halafu hakuna mtu. Maharage yakapoa, bugali ikafanya ngozi. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu mama mmoja alikuwa kwangu, nampima mabega kwa ajili ya blauzi, nikamuuliza wanawe wako wapi.

"Mi nitume mutoto apite barabara na sahani mukononi, masomo yamefungwa?" akasema. "Bantu baseme nini? Baseme kwangu hakuna kitu?"

Hapo nikaelewa. Wakati wa masomo mtoto anakula kwa sababu ni mwanafunzi, yuko na benchi lake na mwalimu wake, hakuna anayemtazama mara mbili. Madarasa yakifungwa, chakula kile kile kinakuwa msaada, na kwenda kukila ni kama kwenda matangani kwenye nyumba ambayo hakuna aliyekufa. Na mtaa wetu ni mtaa wa wavuvi, watu wenye vichwa vigumu, mimi nikiwemo.

Tena mwaka huo shida ilikuwa imekuja kwa miguu yote miwili. Ziwa nalo lilikuwa limefungwa ili samaki wazaane, hakuna wavu ulioruhusiwa kugusa maji mpaka katikati ya mwezi wa nane. Nyumba zilizozoea kunuka ndagala hazikunuka kitu.

Ya Gentille ndiyo iliyoniuma. Kila siku saa sita aliwasha moto uani, moshi ukapanda vizuri juu ya ukuta, kila jirani akauona. Lakini mimi nina pua. Moshi wa jiko lenye chakula una harufu yake, na ule wa Gentille ulikuwa wa kuni tupu. Alibandika maji, akafunika, akakaa pembeni kama mpishi, ili tuone kwamba kwa Patrice wanapika. Binti yao Merveille na wadogo zake wawili walikaa nyuma ya nyumba, hawachezi, hawapigani, wametulia. Watoto waliotulia namna hiyo wananitisha kuliko wanaolia. Walikula mara moja, jioni, muhogo na majani yake, sombe isiyo na mafuta.

Nikamwambia Constance. Labda ningenyamaza, lakini sikunyamaza. Akafunga kitenge vizuri, akaenda moja kwa moja kwa Patrice, na kwa kuwa sauti yake ni ile niliyowaambia, nilisikia yote bila kutoka kwenye kiti.

Patrice alikuwa anatengeneza wavu ambao hakuruhusiwa kuulowesha.

"Papa Merveille, batoto bako wapi?"

"Bako nyuma ya nyumba."

"Na chakula iko pale mbele. Nani atatembea, batoto ao sufuria?"

Hakuinua macho. "Mama Wilfried, aksanti. Serikali imefanya muzuri. Lakini mi niko na mikono, siko kiwete. Mutoto wangu akiniuliza, papa, tunakula ile juu ya nini, nitamujibu nini?"

"Juu ya njaa!" akapiga kelele Constance.

"Njaa haiko kazi," akasema Patrice, taratibu kabisa, na akaendelea na wavu wake.

Constance akarudi kwangu. Alikaa juu ya gunia la vitambaa vyangu, na machozi yakamtoka. Kwa kuwa hakuyazoea aliyafuta kwa hasira, kama anavyowafuta watoto makamasi. Akaniambia kwamba anampenda yule mtu kama mdogo wake wa damu na angependa kumpiga kwa mwiko. Akasema majuma mawili yanaisha, kesho Déogratias atakuja, mifuko itaenda Kazimia, na watoto wa yule aliyemlisha Wilfried watashinda njaa mbele ya macho yake huku yeye anamwaga maharage. Niliendelea kukanyaga cherehani kwa sababu miguu yangu haijui kufanya kitu kingine.

Ghafla akageuka. Akaangalia ufukoni.

"Mama Chérie," akaniambia, "hakuna kamba."

"Kamba gani?"

"Chakula yangu haina kamba!"

Nilidhani jua limempanda kichwani. Lakini alikuwa ameshasimama, na mara nikamsikia tena uani kwa Patrice, sasa kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikujua kwamba anayo. Alikuwa anaomba kuazima kamba ya mtumbwi.

"Ya kufanya nini?" akauliza Patrice.

"Ya kuvuta mutumbwi ya marehemu."

"Ile yenye kuoza? Inaenda wapi?"

"Utaona."

Kutoa hakukumshinda Patrice hata siku moja, kupokea ndiko kulikomshinda. Alimpa kamba, akaja mwenyewe kuifunga, akalikaza fundo la kivuvi kwenye pua ya mtumbwi wa Albert, akarudi kwake huku anatingisha kichwa.

Asubuhi iliyofuata Constance aliwafukuza kuku, akauburura mtumbwi ule mtupu mpaka ukingoni mwa maji na kuujaza madumu ya maji. Maji ya kupikia hutoka ziwani, na siku zote aliyapandisha mwenyewe kwa kichwa, dumu moja moja. Njia ya kutoka ufukoni mpaka jikoni ni mchanga mtupu. Akasimama mbele ya mtumbwi, akashika kiuno, akavuta pumzi, akaamsha mtaa mzima.

"Kamata kamba! Kamata kamba!"

Mtu wa ufukoni akilisikia neno hilo miguu inaondoka kabla ya akili. Watoto wakatoka kila uchochoro. Mama yule wa blauzi akatoka na blauzi haijakatwa uzi. Wazee wakaja kucheka, wakajikuta wameshika. Hakuna aliyeuliza ni kwa nini tunavuta mtumbwi uliooza uliojaa maji ya ziwa kuelekea shuleni. Wote walijua nini hufuata baada ya kamba.

Ni Mukandori peke yake aliyesita. "Mama Wilfried, kwetu kamba ni ya ng'ombe."

"Basi hii ni ng'ombe ya majini. Kamata!"

Akakamata, anacheka, na Umulisa pembeni yake. Mpano mdogo alikwishapanda mtumbwini na kukaa juu ya madumu.

Merveille na wadogo zake walisimama kwenye uzio wa kwao. "Merveille! Unasimama nini? Kamata kamba!" akaita Constance. Mtoto akamtazama baba yake. Patrice alikuwa mlangoni, mikono imefungwa kifuani, na alisikia maneno yale, maneno yake mwenyewe, yakirudi kwake. Sijui alifikiri nini. Mimi nilikuwa nimeshika kamba kwa mkono mmoja na moyo kwa mkono wa pili.

Na hapo pikipiki ikafika. Déogratias, siku yake ya kurudi.

Tukaanza kuvuta vibaya kwa wasiwasi. Kila mtu alivuta upande wake, mtumbwi ukageuka ubavu, ukazama mchangani, dumu moja likaanguka likamwagika. Lile Patrice hakuweza kulivumilia. Aliweza kuvumilia njaa, lakini si mtumbwi unaovutwa namna ile.

"Hapana vile!" akapiga kelele, tayari anakimbia. "Munavuta kama bantu ba bureau, bantu ba kalamu!"

Akashika kamba mbele kabisa, akatupanga, akaita, nasi tukaitikia na kuvuta kwa pamoja, na mtumbwi wa Albert, ambao haukuwahi kuingia majini hata siku moja tangu uchongwe, ukapanda ule mchanga kama unaelea. Nilipogeuza macho, mkono mdogo wa Merveille ulikuwa kwenye kamba, nyuma tu ya mkono wa baba yake, na wadogo zake nyuma yake.

Mlangoni mwa jiko Déogratias alikuwa anatusubiri, uso umekauka.

"Mama, nilisema hakuna kutumika. Kuko fasi, pahali pengine, banatumikisha batoto kuni na matofali, ndiyo banabapatia sahani. Juu ya ile tuliweka sheria."

Alikuwa na haki, hilo nalisema wazi. Constance naye hakupiga kelele. Akamwonyesha Mpano juu ya madumu.

"Angalia ule, bwana. Anatumika? Anabebwa. Na atakula. Na mwenye hakushika atakula. Sikumupimia mutu nguvu." Akasogea, akashusha sauti mpaka ikawa yake na ya Déogratias, na yangu kwa kuwa nilikuwa karibu. "Lakini kama hakuna kamba, bale banakufa na haya yao. We unatokea wapi?"

Déogratias akaitazama ile kamba, fundo lake, mikono iliyobaki juu yake. Akawatazama wale watu wazima wasiojua waangalie wapi.

"Natoka Ubwari," akasema, na Ubwari ni rasi ya wavuvi, kamba wanaijua.

Akainama, akaigusa kamba kwa vidole viwili.

"Nimeona batoto banacheza," akasema kwa sauti ya wote kusikia. "Kesho maji ivutwe na bakubwa. Batoto bashike tu. Mifuko itabakia hapa."

Siku hiyo sufuria ilikwanguliwa. Constance aligomba kuliko siku zote, aliwarudisha nyuma waliosukumana, alifuta makamasi ya nusu ya mtaa. Merveille alikula kwa utaratibu kama mtu mzima, halafu akaomba tena, na alipoomba tena mimi nikalia. Mwisho kabisa Constance akachukua sahani ya mwisho, akampelekea Patrice aliyekuwa anakunja kamba yake.

"Hii haiko ya serikali," akamwambia. "Ni fungu yangu ya mupishi. Ulivuta."

Patrice akasimama na sahani ile mkononi muda mrefu. Kisha akakaa mchangani, akala nusu. Nusu nyingine akaifunika kwa jani la ndizi, akaibeba nyumbani mbele ya watu wote, hakuificha.

Kesho yake saa sita niliinua macho kutoka kwenye cherehani kutazama ua wa Gentille, kwa mazoea. Hakukuwa na moshi. Jiko lilikuwa baridi, sufuria imening'inia ukutani, na Gentille amekaa mlangoni miguu ameinyoosha, anasikiliza kelele za watoto shuleni.